Kompyuta ya Edinah Bado Inamtumia Mama Yake Ujumbe

Dada Wariara mpendwa, nakuandikia mtoto akiwa kwa titi na mkono mmoja tu ndio uko huru, kwa hivyo unisamehe mwandiko, lakini nisipouliza mtu hii kitu itanishinda.

Nafanya kazi kwa duka la mbegu na mbolea la mzee Jasbir hapa Nakuru. Ofisini tulikuwa wawili, mimi na Edinah, kila mtu na kompyuta yake, zile za programu ya Linux ambazo Sandeep, mtoto wa mzee, alituwekea. Mama yake Edinah analima viazi Mau Narok na ni mtu wa wasiwasi sana, basi Edinah akapanga kompyuta yake ikiwashwa tu asubuhi imtumie mama ujumbe kupitia ile simu ya duka iliyounganishwa na kompyuta, tunayowaambia nayo wakulima mbegu zimefika: "Mama nimefika kazini salama." Nilikuwa namcheka, "Siku moja utabaki kwako Free Area unaumwa, na mashine iseme umefika!" Ananijibu, "Basi si mama atalala vizuri."

Januari, wakati wa zile vurugu za uchaguzi, Edinah alitoka kutafuta unga na hajaonekana tena. Hospitali hayuko, mochari hayuko. Mama yake akawa anashuka kila wiki kuzunguka kambi za wakimbizi na picha mkononi. Kompyuta yake tuliiacha imezimwa, hakuna aliyetaka kuigusa.

Mwezi wa tano Sandeep akanunua kompyuta moja kubwa, akasema hizi kuukuu zitakufa na kazi yetu ndani, afadhali anakili kila moja nzima iingie kwa hiyo kubwa, iendelee kuishi kule ikiwa kompyuta kamili lakini bila mwili. Anaziita virtual. Akaniuliza, "Ya Edinah nisafishe kwanza?" Nikamwambia, "Usitoe kitu. Ichukue vile aliiacha." Nilisikia vibaya kufuta vitu vya mtu ambaye hatujamzika. Sanduku lenyewe la kompyuta likaenda stoo, tupu, bila hata waya.

Asubuhi ya kwanza Sandeep akawasha, na kwa kioo dirisha dogo likafunguka, ni kama kuchungulia chumba cha mtu hayuko: ile picha yake ya maua, jina lake, na maandishi kwamba mara ya mwisho aliingia Januari. Halafu simu ya duka ikalia ule mlio wake wa kutuma. "Imetuma nini?" Sandeep akauliza. Mimi nilijua: "Mama nimefika kazini salama."

Kabla ya saa sita Mama Edinah alikuwa mlangoni, kuku kwapani, anacheka na kulia pamoja. "Nanyama, ako wapi? Ameniambia amefika!" Dada, mdomo ukasema wenyewe, "Ametumwa Eldoret, mathe. Atarudi." Akaniachia kuku nimpatie.

Sasa ujumbe unaenda kila asubuhi ile kubwa ikiwashwa. Sandeep anasema kuuondoa ni kazi ndogo, lakini nimemkataza, kwa sababu siku utakoma huyo mama atajua ndiyo siku mtoto wake amekufa. Amepata nguvu, amepanda viazi, haji tena kambini. Na mimi, hiyo simu ikilia, najikuta nimegeuka kuangalia mlango, na juzi nilimimina chai vikombe viwili. Mzee Jasbir anasema, "Zima hiyo kitu, inaniogopesha." Niizime ama niiache?

Nanyama, Nakuru

Nanyama,

Pole sana, mama. Unanyonyesha, umempoteza rafiki, na siku ile ulishikwa ghafla mlangoni. Siku ile ya kwanza sikulaumu. Zilizofuata nakulaumu.

Hakuna roho ndani ya hiyo mashine. Mliinakili na tabia zake zote, mkaiwasha, ikafanya ilichofundishwa. Kilichonitia baridi mimi ni maneno uliyoyapita mbio: haji tena kambini. Kulikuwa na mtu mmoja anayezunguka na picha ya Edinah, nawe umemrudisha nyumbani kupanda viazi. Ikiwa huyo msichana amelala mahali na hawezi hata kutaja jina lake, leo nani anamtafuta?

Sandeep aondoe hiyo amri ya kutuma, basi. Asifute kingine chochote, huenda polisi au ndugu zake wakakihitaji. Wewe nenda Mau Narok Jumapili, duka likiwa limefungwa. Usipige simu. Beba mtoto wako, kaa chini na Mama Edinah, umwambie ni mashine iliyokuwa ikituma na ni wewe uliyemficha ukweli. Atakutukana. Kaa hapo hapo. Usimwambie amekufa, kwa sababu hujui, mwambie hajapatikana.

Na msikawie. Kambi zinafungwa, watu wanapakiwa kwa malori kila mmoja na njia yake. Jumatatu omba ruhusa kwa mzee Jasbir, mshike huyo mama mkono, na picha mbebe wawili.

Dada Wariara