Nimewaambia Waje Wachukue Masufuria

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ubaridi wa ziwani umefika mpaka huku kwetu Igoma. Nimeamka na hofu ileile. Siku hizi inaamka kabla yangu.

Bado sijazoea kuiandika: saratani ya ini, na imeshasambaa. Daktari alisema ilipofikia haiponi tena, watakachofanya ni kunisaidia maumivu yasinizidi. Alisema kwa upole. Nami nikamshukuru, eti, kama mtu aliyerudishiwa chenji. Wiki hiyohiyo nikafunga saluni, wateja nikawaambia nasafiri.

Naogopa kufa.

Wanaotaka kuniambia nijipe moyo wanisamehe. Moyo ninao, ndio huu unaodunda mpaka nausikia masikioni.

Ila kuna jambo jingine, na hilo ndilo lililonishinda. Mimi ndiye mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu. Masufuria makubwa, mikeka, turubai, vyote vinakaa stoo kwangu, ukuta mmoja na kitanda changu. Mtu akifiwa, wenzangu wanaanzia kwangu. Nafungua mlango, tunabeba, tunakwenda kupika na kulala na wafiwa mpaka matanga yaishe. Kazi hiyo nimeipenda miaka yote. Sufuria likirudi na masizi, mtaa mzima unanisikia.

Sasa nikijilaza najua masufuria yale yako upande wa pili wa ukuta, yananingoja. Najua hata ni lipi litapikiwa wali wa watu watakaokuja kwangu, lile lenye mkono uliolegea. Na siku hiyo nani atawafungulia mlango?

Jana nikampigia Mama Rehema, mwenyekiti wetu. Nikamwambia waje wachukue vyombo, nimechoka kuvitunza. Akauliza nani kanikosea. Nilitaka kudanganya, nikaishia kulia, nikamwambia yote. Kabla yake alikuwa anajua binti yangu Neema peke yake, na huyo yuko chuoni Dodoma, nimemkataza kuacha mitihani kwa ajili yangu.

Leo mvua ilipokatika wakaja. Nilitarajia wawili watatu wa kubeba. Wamekuja karibu wote, khanga viunoni, wengine na kuni, mmoja na samaki sato wa sokoni Kirumba. Nilipowaona wanaingia getini namna ile, nikakaa kizingitini.

Ndivyo tunavyoingia msibani. Vilevile kabisa.

Wakatoa vyombo stoo. Nikangoja wavipakie kwenye mkokoteni waondoke. Badala yake wakapanga mafiga uani, wakawasha moto, wakabandika sufuria. Lile lenye mkono uliolegea.

Hapo nikapiga kelele. Sioni aibu kusema, nilipiga kelele za kweli. "Mnaniwekea msiba na mimi nipo? Huu si uchuro?"

Mama Rehema ni mtu mzima, kila siku namwamkia shikamoo. Leo hakunigeukia hata, alikuwa anapuliza moto. "Uchuro ni kukuacha na njaa," akasema. "Kulala na wafiwa tunajua. Kulala na mgonjwa ndiko tulikokuwa hatukujui, mpaka jana uliponililia. Kaa hapo, ule."

Mama Kulwa, mwenzetu Msukuma, akadakia, "Na hili sufuria ulilonisemea mbele za watu, mayu, leo nimelisugua mwenyewe. Njoo ukague."

Nikaenda kukagua. Yalikuwepo masizi karibu na mkono, nikamwonyesha. Wakacheka mpaka majirani wakachungulia, na mimi nikacheka huku nimeshika ubavu kwa maumivu.

Mchuzi umeshuka vijiko vichache tu. Tulipokuwa tumekaa mikekani nikawaambia kile nilichokuwa sijamwambia hata Neema, kwamba naogopa usiku kuliko mchana. Naogopa kufa peke yangu, wanikute asubuhi wamekuja kuulizia vyombo. Hakuna aliyeniambia nisiseme hivyo. Mama Kulwa alilia wazi mbele yangu, akajifuta kwa khanga, akaniongezea mchuzi. Nilikuwa nakwepa watu wa kunituliza, kumbe nilihitaji mtu wa kuogopa pamoja nami.

Jioni vyombo vimekwenda kwa Mama Kulwa, na kufuli nimemkabidhi. Stoo ni tupu, nimechungulia zaidi ya mara moja kuhakikisha. Nilidhani hofu itatoka pamoja na masufuria. Haijatoka. Ninavyoandika hapa niko nayo.

Mkeka mmoja hawakuubeba. Wameutandika pembeni ya kitanda changu. Wamepangana zamu kama tunavyopangana msibani, wala sikuulizwa. Kesho ni Mama Kulwa, na akija na maneno yake ya sufuria sijui kama tutalala.

Leo ni zamu ya Mama Rehema. Ameswali isha, akajinyoosha mkekani, na sasa anakoroma kama mashine ya kusaga.

Ameniambia nikiogopa nimwamshe.

Naogopa. Lakini acha kwanza alale kidogo.