Kaye ya Saba na Klaksoni ya Nzanzu

Mama Mwanvua mupendwa, wewe mwenye kutujibia mu gazeti yetu, naomba unisaidie mbele ya siku ya Mungu, ile ya misa, juu siku ya Mungu njo jamaa ya jirani yangu itaikala kuhukumu mutu, na ile mutu hana kosa, kosa ni yangu.

Mimi ni Stanislas wa Rughenda, hapa Butembo, nilikuwa karani ku bureau ya serikali, ku mashini ya kuandika, tangu mwaka wa uhuru mupaka Basimba, bale baasi, balipofika na bureau ikafungwa, na sasa tuko 1966 naandika roman ya polisi mu bakaye, madaftari ya masomo. Usicheke, Mama. Ilianza hivi: ku biblioteki ya misheni kulikuwa vitabu ya Kifaransa, ya bapolisi na bauaji, mais wakati wa vita baaskari balipasula kurasa za nyuma juu ya kufungia tumbako, donc nilikuwa nasoma mupaka pale polisi anainua kidole asema muuaji ni huyu, na kitabu inakatika, na mimi nawaza siku mingi nani aliua, mupaka nikaanza kuandika mwisho yangu mwenyewe. Njo vile kazi ilinikamata.

Naandika peke yangu mu nyumba ndogo ya nyuma yenye tulikuwa tunafugia kuku, mulango nafunga muchana, muke wangu Débora anaweka chakula inje, anagonga mara moja, anaenda. Batu balisema asema niko mulozi, mwanaume gani anajifungia na jua inawaka? Sikujali, ile upweke ni tamu kwangu, nilifikiri mule ndani niko miye na mawazo yangu tu, kumbe nilikuwa najidanganya, juu kila kaye ikitoka inaenda kwa fundi wa nguo, yeye anasoma kwa sauti na batu bamejaa ku mulango, kisha inatembea nyumba kwa nyumba na inarudi na mafuta ya beignet, yale maandazi, na batu bameandika pembeni «huyu muongo», «huyu afe».

Sasa sikia zambi yangu. Mu kitabu yangu muchuuzi mumoja anatoka Beni na maharagi, kufika Mbau anapotea, gari inarudi bila yeye. Shofere nilimuita Nzanzu, juu nilikuwa natafuta jina mwepesi, na nikamupa tabia ya kupiga klaksoni, ile honi ya gari, mara tatu akipita kwa batu. Kaye ya sita inaishia pale polisi anamuuliza: «Nzanzu, ile damu ku kiti ni ya nani?»

Mais Mama, jirani yangu Katungu, bwana yake Anselme alipotea kweli ku njia ya Mbau mu 1964, wakati wa Basimba, na shofere wa ile siku alikuwa ndugu mukubwa ya Anselme mwenyewe, na jina yake ni Nzanzu, na anapigaka klaksoni mara tatu. Naapa sikutaka. Ile klaksoni nilikuwa naisikia kila siku mu nyumba yangu ya kuku, mukono ikaandika.

Sasa batu banasema: Stanislas alikuwa bureau, alisoma dosie, faili ya Anselme, anaogopa kusema waziwazi njo anapitisha mu hadisi. Hakuna dosie, Mama! Sikuonaka hata karatasi moja ya Anselme. Mais kwa ndugu yake Anselme habamupe tena Nzanzu chakula, na batoto ba Anselme benye alikuwa anabeba ku gari, banamukimbia. Hapigi tena klaksoni, anaacha kamio, ile gari yake ya mizigo, kule chini ku barabara, anapanda na miguu. Alifika ku mulango yangu asema: «Stanislas, wewe njo unajua mwisho. Niambie kama miye ni muuaji.» Alikuwa anacheka, mais macho haikuwa inacheka. Na mimi mwenye maneno mingi, nilinyamaza.

Katungu naye alikuya: «Baba, sikukasirikie, maliza tu. Nataka nijue Anselme alilala wapi, nivule hii nguo nyeusi.»

Nifanye nini? Nichome bakaye yote? Niandike haraka ya saba na nitie muuaji mwengine? Ao nimupe Anselme kaburi nzuri mu kitabu, Katungu apumuzike? Naogopa, nikisema nilitunga, hakuna mutu atanisoma tena, na bila kuandika sijue nitaishi namna gani. Mais nimekusudia: chenye utasema, nitafanya. Weka majina yote, na yangu ya kwanza.

Stanislas, Butembo


MAMA MWANVUA WA BENI ANAJIBU

Stanislas, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Pole, kweli pole. Mais wewe ni mutoto wa Kinande, hapana mugeni aliyeshuka na ndege pale Rughenda! Haukujua kwamba Nzanzu iko mu kila nyumba, juu kwa Banande ni jina ya mutoto mwanaume wa kwanza? Sisi Baislamu ba Beni tunajua ile, wewe hapana?

Na jina ningekusamehe. Klaksoni, hapana. Jina ulichukua kwa batu bote, klaksoni ulichukua kwa mutu mumoja. Kisha ile mutu anakuya ku mulango yako kukuuliza, unanyamaza! Karani akinyamaza, kwa batu ni sawa ametia stempu.

Usichome kitu. Ukichoma leo, kesho batasema umeficha dosie. Muuaji mwengine usitie haraka, juu kila jina mu Butembo iko na nyumba yake na batoto bake. Na kaburi ya karatasi usimupe Katungu, nakukataza kabisa! Atachukua jembe na kwenda kuchimba pale ulisema, hatapata kitu, atafiwa mara ya pili. Muangalie ku macho, umuambie: «Mama, sijue.» Ni maneno mafupi, mais itakuuma kuliko kurasa mia mbili.

Siku ya Mungu amuka, oga, fika mbele jamaa haijaikala. Beba bakaye yote sita, na kitabu moja ya misheni yenye haina mwisho, baone namna ulijifunza hii kazi. Simama pembeni ya Nzanzu, hapana mbele yake. Sema: «Nilitunga. Kutunga njo kazi yangu. Juu ya huyu mutu sijue kitu, isipokuwa klaksoni yake.» Kisha kula naye sahani moja, pale pale, bote baone. Bakikataa kupika, Débora apike, mubebe chakula yenu.

Unaogopa habatakusoma? Batu benye kuandika «huyu afe» pembeni, bataweza kukuacha? Hata mimi siwezi. Kaye ya tano ilinifikia hapa Beni mu gunia ya vitunguu.

Kujifungia hapana zambi, na mwenye kusema ulozi, mwambie mimi pia nafunga mulango nikisoma. Mais mbele kaye haijafika kwa fundi, somea kwanza Débora. Yeye atakuambia: Stanislas, huyu ni jirani, mutoe. Angekuambia siku ile ya kwanza, mais ulimuacha inje na sahani.

Kaye ya saba andika, na usichelewe. Muuaji lazima akuwe na jina, naelewa. Basi aitwe Stanislas. Akuwe karani, mwenye kujifungia mu nyumba ya kuku. Uone namna ile inauma, kisha uandike.

Na sikia hii. Nyumba yangu iko ku barabara ya Mbau. Kulikuwa kamio moja ilikuwa inapiga klaksoni mara tatu hapa ku kona, na mimi nilikuwa nainua mukono bila kujua shofere ni nani. Miezi mbili sasa inapita kimya. Nilifikiri klaksoni imeharibika.

Juma yenye kuya nitaikala inje, Stanislas. Nataka niisikie.