Sijamwambia Mtu Kwamba Mbwa Wanavuka Kwenda Kisiwani

Mpendwa Mama Kissa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinitaje jina gazetini, huku Hanang tunajuana mno.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, siongei sana, darasani wananiita Bubu, nikiulizwa kwa Kiingereza jibu ninalo ila mdomo unakataa. Kitu pekee nilichokuwa nacho mimi ni ndege. Chini ya kijiji chetu kuna ziwa la magadi na ndani yake kisiwa kidogo, na kila mwaka mvua za vuli zikikaribia vitwitwi, vile vindege vya ufukweni vya miguu myembamba, wanafika kutoka Ulaya wamekonda, wanalala pale kisiwani pamoja na korongo kwa sababu maji yanazuia mbwa na fisi. Nimewaangalia tangu nikiwa mdogo, nikipeleka ndama kulamba magadi. Mwaka jana akaja Brightness, mama yake ni nesi amehamishiwa huku kutoka Bukoba, hakuwa na rafiki, nikamhurumia nikampeleka ziwani kumwonyesha. Mama, ningejua ningemwonyesha mlima.

Sasa ndege wamekuwa wake. Amewarekodi kwa simu, anawaelezea kwa Kiingereza kilichonyooka, video imezunguka kila grupu, Mwalimu Onesphory wa klabu ya mazingira amempa uenyekiti, na hata baba yangu ambaye hajawahi kuniuliza habari za ndege alisema tukiwa tunakula kwamba yule mtoto wa nesi ana akili. Ugali ulinishinda.

Mwaka huu ziwa limekauka mpaka kisiwa kimeshikana na nchi kavu upande wa kijiji, ndipo wazee na klabu wakajenga uzio wa miiba kama tunavyozungushia boma, wakakubaliana mifugo ilambe magadi upande huu tu hadi mvua inyeshe. Upande wa nyuma hawakuweka kitu, kila mtu anajua kule tope linameza hata punda. Lakini si hivyo tena. Wiki iliyopita ndama alinitoroka akazungukia huko, nikamfuata nikijua ameshazama, nikakuta tope limekauka juu limekuwa gamba gumu, yeye anatembea tu, na mbele yake mbwa wawili wanatoka kisiwani, mmoja ana manyoya mdomoni.

Nikamrudisha ndama, nikanyamaza. Jumamosi wageni wanatoka wilayani kuangalia uzio, wakiridhika kisiwa kitatengwa kwa ajili ya ndege, na wa kuwaeleza ni Brightness. Kusema ukweli Mama, nimekuwa naomba mbwa wavuke saa hiyohiyo, mbele ya wageni, akiwa katikati ya Kiingereza chake.

Jana alinifuata bombani. Akasema, "Wewe ndiye uliyenionyesha hawa ndege, njoo tusimame wote Jumamosi." Nikamjibu, "Simama mwenyewe, si umeshazoea." Akanisaidia kujitwisha ndoo. Nikamchukia zaidi.

Ndege wameanza kupungua. Nikisema, sifa zitakwenda kwake, na mimi nitaulizwa nilijua lini. Nisiposema, wataondoka wote. Nifanye nini? Namba hii ni ya dada yangu Verediana, yeye hana maneno.

Bubu, Hanang

*

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nimelituma kwanza kwa simu ya dada yako, maana Jumamosi haisubiri gazeti, na hapa majina yote nimeyabadilisha.

Kuumia una haki. Ulimfungulia mwenzako mlango, akaingia, watu wakamwona yeye. Baba yako naye angeweza kukuuliza siku moja unaangalia nini kule ziwani. Lakini wewe umewageuza ndege fimbo ya kumchapia Brightness, na kiumbe kilichoruka kutoka Ulaya hakijui Brightness ni nani. Kinatafuta mahali pa kulala. Unasema unawapenda, huku unaomba mbwa wavuke. Chagua kimoja.

Leo hii mfuate Mwalimu Onesphory. Mdomo ukikataa, mwambie maneno mawili tu, "twende nyuma," mpeleke akaone mwenyewe. Akikuuliza ulijua lini, mwambie wiki iliyopita. Atakukaripia, karipio la mwalimu halijaua mtu. Baba yako aambiwe pia, ili ndama wasisogee kule na majirani wafunge mbwa wao. Miiba ya kuziba upande ule ikatwe kabla ya Jumamosi, na wewe uwe wa kwanza kushika panga. Kisha omba ulinzi wa upande ule uwe wako mpaka mvua zishike.

Brightness mwombe radhi kwa jibu la bombani. Si lazima usimame naye mbele ya wageni. Kuwa mpole si kosa, kosa ni kunyamaza kwa makusudi.

Na nisikudanganye. Inawezekana kabisa Jumamosi apigiwe makofi yeye, wewe ukiwa kule nyuma na mikono iliyochubuka, hakuna aliyekutaja. Wivu utakuuma. Uache ukuume, ila usitoke hapo kwenye miiba.