Mama Ametangazwa Kanisani

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatatu ya Pasaka.

Mpendwa Mama mdogo,

Kristo amefufuka! Najua umeshajibu peke yako huko jikoni kwako, "Kweli amefufuka," kwa hiyo nahesabu kwamba tumesalimiana. Hujambo lakini? Lile goti limekubali dawa, au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Na zamu za hospitali, wamekupunguzia kama walivyosema, au ilikuwa ahadi ya mdomoni tu? Tunakuombea kila Jumatano kwenye maombi, na Mama akifika kwenye jina lako hupunguza sauti, kana kwamba Mungu yuko chumba cha pili na hataki majirani wasikie.

Sisi tu wazima. Mama hajambo, tena hajambo sana, utaona mwenyewe mbele. Kaka hajambo ila mgongo. Kulala chini ya masinki ya watu si mchezo. Mimi nasukuma siku pale kiwandani. Unga umeniingia hadi masikioni, lakini ulimi haujambo, unanijua. Nina habari nimeibeba tangu kabla ya Mitende kama chungu cha moto, sijui niitue wapi. Sasa naitua kwako.

Kwanza hewa. Baridi imetupa kisogo hatimaye. Miti ya barabara yetu, iliyokuwa mitupu kama vijiti vya kiberiti, imeanza kuvaa majani, na watu wameanza kufungua madirisha na kugombana kwa sauti kama zamani. Hata paka wa jirani amerudi kulala juu ya ukuta wetu. Tulidhani amekufa.

Kanisa letu ni lile lile dogo la Methodisti, ambalo hata tukijaa, mabenchi ya nyuma hupata hewa. Tuna Mchungaji mpya, mwanamke wa makamo, mrefu, anayetuhudumia sisi na makanisa mengine ya mitaa ya jirani, hivyo kila mara anafika akihema. Ana maneno machache na macho mengi. Tunampenda.

Siku chache kabla ya Jumapili ya Mitende alituita wote kwenye usafi wa Pasaka. Wengine walisugua mabenchi, wengine walipaka mlango rangi, mimi na Mama tukapewa kupalilia bustani ya maua chini ya madirisha. Kaka alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anatengeneza bomba la nje, lile lililopasuka maji yalipoganda kwa baridi. Hapo ndipo Mama aliposimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema kama mtu anayetangaza kwamba chai iko tayari:

"Wanangu, kabla hamjasikia kwa watu, sikieni kwangu. Bwana Sindano ameniposa. Nami nimekubali."

Mama mdogo, jembe lilinitoka mkononi.

Bwana Sindano humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mshonaji, mjane, mzee mwembamba wa kupita kwenye tundu la ufunguo, na daima ana sindano imechomekwa kwenye ukosi. Ndiyo sababu ya jina. Yeye ndiye aliyeshona majoho ya kwaya. Huimba sauti ya chini kabisa, taratibu mno. Sisi tukimaliza ubeti na kukaa, yeye bado yuko njiani anakuja. Nilikuwa nimeona kwamba joho la Mama linahitaji kupimwa upya mara nyingi kuliko majoho ya wenzake, lakini nikadhani ni mwili wake unabadilika. Mnaniita Chiriku kwa ulimi huu, kumbe macho sina!

Kaka alikaza nati ya bomba mpaka nikaogopa itakatika, akakusanya spana zake, akaondoka. Unamjua. Hasira yake haina kelele, na afadhali ingekuwa nazo. Yeye ambaye kila jioni akitoka kazini hupita kwa Mama, hata kama ni kunywa maji tu, akakata mguu. Jioni ya kwanza Mama aliacha chakula chake kimefunikwa. Ya pili vile vile. Ya tatu alikifunua, akala yeye, polepole, anaangalia mlango.

Nilimfuata Kaka kule karakanani kwake. Alikuwa anakata mabomba, hakuzima hata mashine.

"Baba angalikuwepo," akasema.

"Baba angalikuwepo kusingekuwa na habari hii," nikamjibu.

"Basi. Mwambie asisubiri hongera zangu. Wewe si kazi yako kusema? Kaseme."

Sikusema. Lakini Mama hana haja ya kuambiwa. Aliniambia usiku ule tunaosha vyombo: "Kama mwanangu hataki, siolewi. Mume mwema nilishapata mmoja, nikamzika, nashukuru. Mwana wa kiume ninaye mmoja tu, na sitampoteza." Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi zamani. Mama mdogo, wewe umemjua dada yako kabla yangu. Umewahi kumwona anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe? Mimi sikuwahi. Na hicho kimoja alikuwa tayari kukirudisha rafuni.

Ikaja Alhamisi Kuu. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba mwaka huu tutaoshana miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Minong'ono ikawa mingi. Wapo waliokumbuka ghafla kwamba wana mafua. Wapo, na mimi ni mmoja, waliosugua miguu nyumbani kwa nguvu kiasi kwamba huko kanisani hapakubaki cha kuosha.

Kaka alikuja kwa sababu ya bomba tu. Mchungaji alikuwa amemwomba ajaze mabeseni, na Kaka hawezi kukataa kazi ya maji. Alipomaliza kuyabeba, watu walikuwa wameshakaa wakitazamana, mabenchi mawili uso kwa uso. Nafasi ilibaki moja. Mbele yake alikuwa amekaa Bwana Sindano, miguu ameikunja chini ya benchi kama mtoto aliyechelewa shule. Hakuna aliyetaka kukaa pale, maana mtaa mzima ulishajua. Nimemuuliza Mchungaji kama alipanga yeye. Ananiambia, "Mimi nilipanga mabenchi, watu walijikalisha wenyewe." Macho mengi, nilikwambia.

Kaka alisimama. Nilikuwa jirani, nimeshika taulo, nikaona anavyoutazama mlango. Kisha Mchungaji akasema upande wetu uanze, na Kaka, sijui ni aibu au ni nini, akapiga magoti.

Sikiliza sasa alichofanya. Sisi wengine tulichovya vidole tukaanza. Yeye alikunja mkono wa shati, akapima maji kwa kiwiko. Akaona ni ya baridi, akainuka, akaongeza ya moto kutoka kwenye birika, akapima tena. Ndipo akauchukua mguu wa Bwana Sindano. Ni mguu wa cherehani, Mama mdogo, ule wa kukanyagia, kifundo kimevimba na vidole vimepinda upande mmoja. Mzee alitaka kuurudisha chini ya benchi. Kaka akaushika kisigino kwa kiganja, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga, akauosha katikati ya vidole, akaukausha bila kuukandamiza pale palipovimba. Nikakumbuka nilikokuwa nimeyaona yale yote. Chumba cha Baba, ule mwaka wa mwisho. Kaka alikuwa akitoka kazini na kuingia moja kwa moja mle, na beseni.

"Mkono wako si mgeni wa kazi hii," Bwana Sindano alisema, kwa ile sauti yake ya chini.

"Nilimwosha marehemu Baba," Kaka akajibu bila kuinua uso.

"Najua. Mama yako huniambia. Anasema yeye aliishiwa nguvu, na wewe ndiye uliyewabeba wote wawili."

Taulo likasimama mkononi mwa Kaka. "Hajawahi kuniambia mimi."

"Hawezi. Akianza, analia. Mimi mwenyewe habari hii nimeisikia vipande vipande, mpaka leo hajaifikisha mwisho."

Nilitazama dari, Mama mdogo. Machozi hayana adabu, yanashuka hata ukiwa umeshika taulo la watu.

Zamu ilipogeuka, Kaka alisema, "Mzee, hapana, magoti yako." Bwana Sindano akamwambia, "Magoti yangu nayajua mwenyewe," akashuka, ikachukua muda, mifupa inalia kama mlango wa stoo. Akamwosha. Na katikati ya kuosha akasema, "Kijana, nafasi ya baba yako siiombi. Ile ina mwenyewe. Nataka tu mama yako asinywe chai ya asubuhi peke yake." Kaka alivaa viatu, akamwaga mabeseni yote nje, akaenda zake. Mama alikuwa benchi la mwisho, mbali. Hakusikia neno, aliona migongo yetu tu.

Ijumaa Kuu ilipita kimya kama inavyotakiwa. Kaka alikaa nyuma, akatoka kabla ya baraka.

Jumamosi tulikuwa jikoni tunafunga maua ya kupamba kanisa. Mlango ukagongwa. Mlango ambao Kaka huusukuma tu, siku hiyo alibisha hodi. Mama akatoka nje, akaufunga nyuma yake. Walikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nilisogea dirishani, sikatai, lakini hata masikio yangu yana mpaka. Nilichoona ni Mama anaongea, anaongea, anajifuta macho kwa ukingo wa kanga, na Kaka ameinamisha kichwa. Mwishoni Mama alimwekea mkono kichwani. Walipoingia Kaka akaniuliza, "Chakula kiko wapi?" Nikampa. Akala cha siku zote alizokosa. Lakini kuhusu posa, hakuna aliyesema kitu, wala mimi sikuthubutu. Hata mimi nina siku zangu.

Jumapili tulianza ibada nje, uani, kabla jua halijachomoza, tumejifunika kama vifurushi. Mzee wa kengele aliivuta kamba kwa furaha ya Pasaka mpaka ikakatika, akabaki nayo mkononi anaitazama. Tukacheka sote, na jua nalo likatokea nyuma ya bohari tukiwa bado tunacheka. Sijui kama ni vibaya kusema hivi, lakini nadhani wale wanawake waliolikuta kaburi tupu nao walicheka, baada ya woga kuwatoka.

Tukaingia ndani. Maua kila dirisha. Baada ya mahubiri Mchungaji akafungua karatasi ya matangazo, akakohoa, akasoma kwamba kuna ndoa inayokusudiwa kati ya Bwana Sindano, akamtaja kwa jina lake lote ambalo nusu yetu tulilisikia mara ya kwanza, na Mama. "Mwenye kujua kizuizi na aseme."

Kaka akasimama.

Kanisa lilitulia hata ukasikia nta ya mishumaa inadondoka. Bwana Sindano alifumba macho. Mama, aliyekuwa kwenye kwaya, alishika kiti kilichokuwa mbele yake. Nami moyoni nikasema, Mungu wangu, si leo, si mbele ya watu.

"Mchungaji," Kaka akasema, akakatisha, akaanza tena. "Mchungaji, kizuizi sina. Nimesimama kuuliza tu. Siku hiyo, nani atamshika mama yangu mkono kuingia naye? Maana kama hajaombwa mtu, mimi nipo."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kupiga makofi. Mama ndiye aliyetuokoa. Alisema kutoka kule kwenye kwaya, "Nani mwingine angenishika? Kaa chini, mwanangu, unawaziba watu wa nyuma."

Ndipo kanisa likapasuka. Vigelegele, makofi, Mchungaji anafuta miwani. Wimbo ulipoanza Bwana Sindano alianza nao pamoja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ila ubeti wa pili alishachelewa tena.

Jana jioni Kaka alimsindikiza mzee hadi kwake, eti anakwenda kuangalia bomba lake linalovuja. Bado anamwita "Fundi". Hajafika kumwita kitu kingine, na mzee hamharakishi. Lakini walipotoka niliwasikia wanabishana kuhusu mpira wa miguu, na mabishano yale yalikuwa na afya.

Ndoa ni Jumamosi inayofuata Pentekoste. Mama anataka wewe umsimamie. Anasema ulikuwepo alipoolewa mara ya kwanza, ukalia sana, sasa uje ucheke. Omba likizo mapema, na wakikunyima waambie unamwoza dada yako mkubwa, uone kama wana la kusema.

Wasalimie sana Baba mdogo na wale mapacha wako, waambie shangazi zao wa kanisani bado wanawaulizia. Kaka anakusalimu. Jirani wa paka anakusalimu. Mchungaji, ambaye hajakuona, anakusalimu pia. Mungu aliyeliondoa lile jiwe akuondolee kila kizito kilicho njiani kwako, akufikishe kwetu mzima.

Ni mimi, binti wa dada yako, nikupendaye kuliko kalamu inavyoweza,

Chiriku.

Nyongeza: Bwana Sindano yuko mlangoni, ameleta kitambaa cha nguo yako alichotumwa na Mama, rangi ya majani machanga. Anaomba vipimo vyako. Nimemwambia nitakuandikia uvitume. Mama amepaza sauti kutoka jikoni: "Asitume vipimo! Alete mwili!"