Lenzi ya Kumwona Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakushinda. Sisi tupo, Mama naye yupo. Studio inakwenda kwa kusuasua. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha.

Nina ombi. Kwa kuwa unauza kamera, nishikie lenzi mbili za kuvuta mbali: ile ya milimita sabini hadi mia mbili, na ile ya sabini hadi mia tatu. Kwenye karatasi zinafanana kama mapacha. Zijaribu mwenyewe, uniambie ninunue ipi. Na usinipige maneno ya dukani.

Kaka yako


19 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua imenikuta mzima, ila mafua. Mchana wakati wa mapumziko nilizitoa zote mbili nikapiga kibao cha duka la viatu ng'ambo ya barabara. Ya mia mbili inapokea mwanga mwingi. Hata ndani ya ukumbi bibi harusi atatoka safi. Ila ina kilo moja na nusu, shingo itakuuma. Ya mia tatu ni nyepesi na inavuta zaidi, nimesoma mpaka bei za viatu. Lakini mwanga ukififia tu, picha inajaa chengachenga. Kwa harusi, chukua ya mia mbili.

Sasa nikuulize. Wewe umezoea kupiga watu ukiwa karibu, mpaka unawanyoosha kola. Huo umbali wote wa nini? Na Mama mbona haji kwenye simu?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya. Hujambo? Kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi.

Lenzi si ya harusi. Ni ya Mama. Tangu mwaka jana kumbukumbu zinamtoka, na daktari ametuambia hazirudi. Shangazi anamwogesha na kumlisha, naye anamkubali. Mimi ananiogopa. Nikiingia chumbani anajikunyata ukutani, anauliza huyu mwanamume anataka nini. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, nawe ukaogopwa.

Lakini asubuhi akikaa uani anakunja nguo, anakuwa yeye kabisa. Nataka nimpige picha nikiwa getini, hatua arobaini, asishtuke. Mwanga wa uani unatosha. Kwa hiyo nitumie ya mia tatu.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka, shikamoo. Pole.

Nimelia stoo, nyuma ya maboksi. Lenzi nimeituma leo. Kabla ya kuifunga nilimsimamisha mwenzangu wa kaunta hatua arobaini, nikaona mpaka mikunjo ya macho yake. Ukivuta hadi mwisho, egemea nguzo. Mkono ukitikisika kidogo tu, sura inapotea.

Nimeomba ruhusa. Wamesema Juni. Niambie kama Juni nitamkuta.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Pole tena, kama nilivyokupa pole kwenye simu. Mama tumemzika Jumanne. Usijilaumu kwa kukosa ndege, wote tunajua ulivyohangaika. Shangazi anakusalimu, hali yake si mbaya, ila bado anaamka mapema kuchemsha maji ya kuoga.

Picha zimo humu, kumi na mbili. Ya mwisho lazima nikueleze. Ilikuwa siku kumi kabla hajatutoka. Nilikuwa getini, akainua kichwa akaniona, akanipungia mkono. Shangazi akamuuliza kama ananijua.

"Mwanangu yule," akasema. "Mwambie asogee, jua linampiga."

Shangazi akapaza sauti kunifikishia maneno hayo. Niliweka kamera chini nikaenda, taratibu, mikono ikionekana. Nilipofika alikishika kiti kwa nguvu, akamgeukia Shangazi.

"Siye huyu. Nimemtaka yule wa getini."

Nikarudi getini. Akatulia, akanipungia tena. Sikupiga picha nyingine. Nilisimama pale nikimpungia, mpaka alipoingizwa ndani kula.

Kaka yako