Kamera Isifunguliwe

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mtaani naitwa Mama Cherehani. Umri: miaka 57. Kazi: fundi nguo. Makazi: chumba cha nyuma ya studio ya picha ya mume wangu.

Mnamo tarehe 7, majira ya saa nne usiku, mimi na mume wangu tulipanda juu ya paa la zege la nyumba tunayopanga, ili apige picha ya kupatwa kwa mwezi. Mvua ilikuwa inanyesha na radi zinapiga. Nilimwambia, "Baba watoto, utakufa kwa ubishi." Akasema, "Shika mwavuli." Nikashika. Kumbe mwavuli ni wa kamera. Sisi wenyewe tukalowa chapachapa.

Sikumkatalia kwa sababu daktari wa macho ameshamwambia kuona kwake hakutafika mwisho wa mwaka. Alitaka mwezi uwe picha yake ya mwisho.

Mwezi ulichungulia kidogo ukianza kupatwa, mawingu yakaufunika tena. Tukasubiri, wapi. Nilidhani atalia. Badala yake akaigeuzia kamera kwangu, akaacha jicho lake wazi pale kwenye stendi, akaja kunishika bega. Huyu amepiga picha harusi za mtaa mzima, lakini sisi wawili hatuna hata moja. Akasema, "Tulia, mke wangu. Radi itatumulika."

Hapo ndipo ukatokea ngazini, nyuma yetu, wewe afande unayeandika. Mlinzi wa ghala la jirani alikuwa amewapigia simu kwamba juu kuna bunduki. Kumbe ni lenzi ndefu ya kamera, tuliizungushia mfuko mweusi isilowe. Ukasema, "Mikono juu!" Mume wangu akajibu, "Na wewe usitikisike!" Hakukukaidi, afande. Mtu akitikisika, sura inaharibika. Radi ikapiga, kukawa kweupe, akalifunga jicho la kamera ndipo akainua mikono.

Mume wangu mmemshikilia, na nimeambiwa kamera ni kielelezo na itafunguliwa. Naomba isifunguliwe. Ni ya zamani, ya mkanda wa filamu. Mwanga ukiingia, picha yetu imekwenda. Nataka aione angali anaona. Nampenda, na hilo nalo liandike.

Niliyoyashuhudia ni hayo. Nimesomewa, nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya askari: Ni kweli mimi ndiye niliyepanda ngazi. Shahidi anasema nami nimo pichani, mdomo wazi. Mume ameachiwa, amekabidhiwa kamera ikiwa imefungwa, akaisafishe picha. Nimeomba nakala.