Nyumba Yetu Haikuwamo Kwenye Ramani Yako

Baba Maryam,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo ulipolala, na kaburi lako alifanye pana lenye nuru. Miye mzima, namshukuru Mola. Eda nimeitoka juzi. Watu walidhani nitakwenda kwanza Tumbe kumtazama Maryam na mumewe, lakini nimekaa nikuandikie weye. Najua karatasi haikufikii, dua ndiyo inayokufikia, na hiyo sijaiacha hata sala moja. Ila kuna neno limenikaa kifuani, na mambo ya kifuani nilizoea kukwambia weye tu.

Kompyuta yako nayo nzima. Ipo pale pale chumbani, juu ya meza ya cherehani yangu uliyoiteka, na feni yake inavuma vile vile. Mdogo wako Kombo alitaka kuizima. "Shemeji, inakula umeme bure, mwenyewe keshaondoka." Nikamwambia aiache. Mtu umo ndani ya eda, hutoki, huonani na watu, hata sauti ya feni inakuwa mwenzio. Vijana wa bodaboda wanapiga hodi barazani, wanataka kuvuta ramani kwenye simu zao bila kuunguza bando, nami nawajibu nyuma ya pazia: "Kaeni hapo hapo, iko hewani." Miye wa darasa la saba nasema iko hewani! Ungecheka mpaka ukohoe.

Nakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa fundi redio, umezowea kuchoma waya, mara ukaniambia kuna ramani ya dunia wanayoichora watu wenyewe bila malipo, na mtu anaweza kuichukua akaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Kompyuta inaikatakata vipande vya mraba, na simu ikitaka mahala fulani inapewa vipande vya mahala hapo. Vipande ukaviita vigae. Nikakuuliza, unaezeka nini tena? Kwanza ukaingiwa na tamaa, ukaitia Afrika nzima. Mashine ikanguruma tangu asubuhi mpaka ikaganda, chumba joto kama jiko la mkate, nami nimesimama mlangoni na ndoo ya maji nangoja iwake moto. "Weka ndoo hiyo, utaniua kwa shoti!" Mwisho ukakubali kutia Pemba peke yake, na Pemba ikakaa vizuri.

Lakini Wawi yetu kwenye ramani hiyo ilikuwa barabara mbili na rangi ya kijani tu. Ndipo ukaanza kuzunguka na baiskeli kila Ijumaa baada ya sala, nyumba kwa nyumba. "Hodi, mnaniruhusu niiandike nyumba yenu?" Huandiki mpaka mwenyewe aridhie. Bi Time, jirani yetu, alikwambia: "Niandike herufi kubwa, Fundi, wachumba wasipotee njia," na meno yamebaki mawili. Jioni unaniuliza majina ya visima na vijia tunavyopita sisi wanawake, nakutajia, unaandika. Ilikuwa kazi yetu sote wawili, Baba Maryam. Miongoni mwa mambo yote uliyoniachia, hilo ndilo tamu zaidi.

Siku moja nikaitazama ramani imejaa, nikakuuliza, "Mbona petu hapapo?" Baada ya Kwa Bi Time kigae kilikuwa kijani kitupu. Ukaniambia, "Mtu akijiandika mwenyewe, hiyo riya, kutaka kuonekana. Mwenye kutaka kuandikwa aandikwe na wenziwe." Kisha ukaongeza, "Na nyumba ya fundi nani asiyeijua?" Nikaona umesema la mtu mchamungu. Nikakupenda zaidi, wallahi.

Sasa nikwambie usiyoyajua ya siku ile, maana baada ya Alasiri kifua kilipokubana hukusema tena. Nilimpigia Kombo, akatuma gari kutoka mjini Chake. Dereva alikuwa mgeni, hana muda tangu aje Pemba, lakini wenziwe walikuwa wamemrushia vigae vyako kwenye simu, na alikuwa akiviamini. Nikamwelekeza: ukipita Kwa Bi Time, sisi nyumba inayofuata. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, nipo hapo Kwa Bi Time, lakini ramani inaonesha mbele hakuna nyumba. Nadhani nimekosea njia." Nikamwambia njoo tu, baba, njoo tu. Simu ikakatika. Nikatoka mbio barabarani, ushungi hauko kichwani, na nilichokiona ni mgongo wa gari likirudi lilikotoka.

Akaja kuelekezwa na watu, akageuza, akafika. Ulikuwa bado una pumzi. Tulipofika hospitali hukuwa nayo.

Daktari alimwambia Kombo kwamba hata ungefika mapema huenda ingekuwa vile vile. Na ajali ya mtu, siku yake aliyoandikiwa, haizidi wala haipungui, nayaamini hayo. Tumefundishwa tusiseme "lau". Nami nausukuma mdomo wangu usiseme, lakini moyo, Baba Maryam, moyo unaisema kila ninapofungua dirisha nikaiona barabara.

Yule dereva alikuja katikati ya eda. Alikaa barazani, miye ndani, pazia baina yetu. Alikuwa akilia kama mtoto. "Mama, nilikuamini weye kidogo, nikaiamini simu zaidi." Nilimwambia ramani uliichora weye, na uliiacha nafasi ile kwa kumwogopa Mungu, kwa hiyo yeye hana kosa. Nikampa chai kwa mkono wa Bi Time. Akaniuliza kama nyumba itatiwa sasa. Nikamwambia anywe chai yake. Nilikuwa bado nauogopa wasia wako wa kutojiandika.

Nimeufikiri sana juu ya mswala. Hatimaye nikayakumbuka maneno yako yenyewe: aandikwe na wenziwe. Na mwenzio wa kwanza ni nani kama si miye? Basi jana baada ya Dhuhuri nikakaa kwenye kiti chako. Nikaichora nyumba, nikaandika: Kwa Fundi Shaame. Nikafungua ramani kwenye simu. Kijani kitupu! Nikaandika tena, kitupu. Nikasema huyu bwana anakataa hata huko aliko. Nikafunga, nikalia.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukinieleza huku unatafuna mhogo: mashine ikishachora kigae hukiweka akiba, na kila anayekitaka hupewa kile kile cha zamani, mpaka ukifute ndipo ichore kipya. Hukunikataa. Kigae cha zamani ndicho kilichobaki. Lakini kile ulikichora weye, Baba Maryam. Ule utupu ni wa mkono wako. Nikausomea Fatiha, ndipo nikaufuta.

Nyumba ikatokea. Ndogo, ya mraba, inayofuatia Kwa Bi Time.

Sasa nakuaga, maana Alasiri inaadhiniwa. Simu za vijana zote zina kigae cha zamani, nami naahidi sitapumzika mpaka kila dereva aje kibarazani avute kipya, na yule mgeni nimemwita awe wa kwanza. Mashine sitaizima. Na mwenye kuona haya kuandikwa, nitakaa naye mpaka aridhie. Tukikutana, inshallah, ukinilaumu kuwa nimekuandika, nitakujibu mbele ya Mola wetu kwamba sikukuandika uonekane. Nimekuandika gari lifike.

Mkeo,
Mama Maryam